Pono Niliyemvua Chumbani

Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, nyumba ambayo ukifungua dirisha la juu bahari unaiona, na ukilifunga bado unaisikia harufu yake. Ungedhani mtu kama mimi anajua kuogelea. Sijui. Ungedhani basi walau anapanda chombo. Siwezi. Nikivuka Likoni, tumbo huanza kunigeuka feri ikiwa bado imekaa, watu bado wanaingia, na tukifika ng'ambo huwa mtu wa kushikwa mkono. Siku moja mama mmoja aliyebeba kuku alinipisha kwenye benchi akaniambia, "Pole mwanangu. Mjukuu wangu naye yuko hivihivi, lakini yeye bado ananyonya."

Pamoja na hayo yote, mimi ni mvuvi. Na nilikuwa mvuvi wa sifa, mpaka siku niliyoitwa kula nyumbani kwa mama mmoja niliyedhani hajaamua kama anipe binti yake au aninyime.

Nianzie mbali kidogo. Kazi yangu ni dobi. Nina chumba cha chini kinachofungukia kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Mbele napiga pasi, nyuma ya pazia nalala. Alhamisi kanzu za mtaa mzima hupita mikononi mwangu kwa ajili ya Ijumaa. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tuseme tuliachana kwa wema. Mwalimu wa hesabu alinipa mkono siku ile kwa furaha ambayo mpaka leo naona ilizidi kidogo.

Huko nyuma ya pazia ndiko iliko bahari yangu. Nilikuwa na mjomba baharia wa meli za mizigo, na safari moja alirudi kutoka Japani na mashine ya gemu, ile ya kuchomekwa kwenye TV, ya kijivu, ambayo sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ilikuja na kaseti moja tu. Watoto wa mabaharia wengine waliletewa mpira, magari, watu wa kupigana mateke. Mimi nikaletewa mtu aliyesimama ndani ya mashua akingoja samaki. Mjomba aliona picha ya samaki kwenye boksi akasema hii itamfaa, huyu mtoto wa pwani.

Basi imenifaa mpaka nimeota mvi kidevuni. TV yenyewe ni ile ya zamani yenye kichogo, maana hizi bapa za siku hizi hazina tundu la kupokea waya wake. Kaseti ukiitia haikubali mara ya kwanza. Huna budi kuitoa, uipulize meno kama unapoza uji, uirudishe, kisha uipige mashine kofi dogo la ubavuni, la mapenzi. Hapo maandishi hutokea. Ya Kijapani. Sijui hata moja. Kuna kijisanduku hutokea kila ninapoanza, kinaniuliza swali lenye majibu mawili, na mimi tangu utotoni huchagua la juu. Mpaka leo sijui nimekuwa nikikubali nini.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Unatupa ndoana. Unangoja. Kijimtu kimesimama, maji yanacheza, kijimuziki kinajirudia kama bomba linalodondosha matone. Kisha kengele inalia na mshipi unakakamaa, na hapo ndipo kazi. Ukivuta kwa pupa mshipi unakatika. Ukilegea samaki anakwenda zake. Ukimpata, anajaa TV nzima, amepakatwa na yule kijimtu kama mtoto wa arubaini, na chini yake jina lake.

Hapo kwenye jina ndipo nilipojitia kitanzi. Kwa kuwa sikuweza kusoma, samaki wote niliwapa majina mwenyewe, na majina niliyokuwa nayo ni ya sokoni kwetu. Mnene mwenye mdomo mpana nikamwita chewa. Mrefu mwenye madoa nikamwita nguru. Na kulikuwa na mmoja mwenye rangi rangi, mwepesi kupita kiasi, ambaye hata ukitupa ndoana huku unakunywa chai atakuja. Huyo nikamwita pono. Tabia zao nikazijua, chambo chao nikakijua, mahali wanapojificha nikapajua. Kuhusu samaki wa kweli nilichojua ni kwamba hutiwa ndimu.

Mbele ya mlango wangu kuna baraza ya jiwe, na aliyejimilikisha baraza hiyo ni jirani yangu, fundi saa. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hivyo saa za kutengeneza hana. Anatengeneza maneno. Kila asubuhi huniuliza kwa sauti ya kutosha kichochoro kizima:

"Jana bahari ilikuwaje?"

"Shwari."

"Ulipata?"

"Pono, na chewa mmoja. Chewa nikamrudisha, mdogo."

"Una imani wewe. Wengine wangemtia ndani ya sufuria."

Sisi wawili tulijua tunazungumza nini. Wapita njia hatukuwafikiria.

Binti mwenyewe nilimjua kupitia mabuibui yake. Alikuwa akifanya kazi duka la dawa upande wa Marikiti, na akirudi huniachia nguo za kupigwa pasi. Kila mmoja wetu alikuwa ameshapitia ndoa moja na kutokea upande wa pili, kwa hivyo hatukuwa na haraka wala aibu nyingi. Alasiri moja alipiga hodi wakati nimenasa samaki mkubwa.

"Subiri kidogo," nikamjibu, "niko baharini."

Akachungulia kwenye pazia. Mwanamke mwingine angechukua nguo zake aende kwa dobi mwenye akili. Yeye alitazama TV, akanitazama nilivyokunja uso na kutoa ulimi nje, akasema, "Wamvuta sana. Mlegezee."

Nikamlegezea. Nikampata. Tangu siku ile mabuibui yake nikawa nayapiga pasi ndani na nje.

Babake, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa kweli. Aliyebaki ni mama, na nilipoleta neno la ndoa binti alinieleza mambo yalivyo bila kuzunguka. "Kwetu mwenye neno ni mama. Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema la, mimi sitamvunjia heshima, na wewe usije kunililia dukani mbele ya wagonjwa."

Sasa kwetu mtu akiposa huulizwa. Huulizwi wewe mwenyewe, wanaulizwa jirani zako. Mama akamtuma ndugu yake, yaani mjomba wake binti, aje kunipeleleza. Akaja asubuhi, akaketi barazani kama mtu anayepumzisha miguu. Mimi niko ndani na pasi, nasikia kila neno, na kutoka siwezi, maana si adabu kuonyesha kwamba wajua unaulizwa.

"Huyu dobi," mjomba akamwambia fundi saa, "ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri. Hana maneno."

"Na jioni? Hukaa maskani gani?"

"Maskani hana. Jioni yuwavua."

"Yuwavua?"

"Kila siku. Hata mvua inyeshe."

"Na nani?"

"Peke yake. Tena samaki mdogo hamchukui, humrudisha majini."

"Shemeji yangu alivua umri wake wote," akasema, "sikumuona kurudisha hata dagaa."

"Huyu hurudisha. Nimeona kwa mato yangu haya."

Nikaunguza mkono wa kanzu ya watu. Mjomba alipoondoka nikatoka na pasi mkononi.

"Umenimaliza," nikamwambia fundi saa.

"Nimekupamba. Nimesema uongo gani? Huvui?"

"Navua."

"Husamehi wadogo?"

"Nasamehe."

"Basi wataka nini tena?"

Jioni ile binti akanipigia simu. "Mjomba amemwambia mama kwamba wewe mvuvi."

"Mama kasemaje?"

"Alinyanyuka akaenda kufunga madirisha."

"Basi amefurahi. Amemkumbuka marehemu."

"Sijui kufurahi gani huko. Amesema uje ule nasi Jumapili."

"Wewe humwambii ukweli?"

"Mimi simo. Bahari ni yako, ieleze mwenyewe."

Nilikata shauri kwamba nitaenda na halwa, nitakaa kwa adabu, na kabla ya kunawa mikono nitasema ukweli. Fundi saa nilipomtajia hiyo halwa, hata sijainunua, alisikitika.

"Mvuvi anakwenda kwa mjane wa mvuvi na halwa?"

"Nitamwambia mimi si mvuvi."

"Mwambie ukishashiba. Akikufukuza uwe umekula."

Basi Jumapili asubuhi nikaenda soko la samaki. Na pale juu ya meza ya saruji nikamuona pono, wa kweli, wa kijani na buluu, mnene, jicho limenitazama. Nilifurahi kama mtu aliyekutana stendi na rafiki aliyekuwa akizungumza naye kwa simu tu. Watu wengine walibonyeza samaki, wakafunua mashavu, wakanusa. Mimi nilimnyooshea kidole nikasema, "Huyu namjua," na muuzaji akanifungia bila kubishana, maana mteja wa namna hiyo hapatikani kila siku.

Nyumba ya mama iko ghorofani, ngazi kali za kuinama. Nikaingia, nikaamkia, nikambusu mkono. Mama mwembamba, na alinitazama kama wenzangu walivyotazama samaki sokoni. Akafungua mfuko.

"Huyu umemvua wewe?"

"La, mama. Nimemnunua."

"Mvuvi ananunua samaki?"

"Leo sikutoka," nikasema, na ilikuwa kweli, tangu alfajiri kaseti ilikuwa imekataa.

Pono akapelekwa jikoni. Tukakaa chini: mama, mjomba, binti na mimi. Wali wa nazi, mchuzi, achari, na baada ya muda pono mwenyewe akaletwa mzima, amekaangwa, amepakwa ukwaju. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mno, na mimi mambo yakienda vizuri huwa nayasaidia.

"Wavulia wapi?" mama akauliza.

Nikaweka tonge chini. Hapa ndipo pa kusema. Lakini mjomba akaniwahi. "Dada, mvuvi gani asemaye mahali pake? Akikwambia, kesho wako wote huko." Akacheka, nami nikacheka, na ukweli wangu ukateremka pamoja na wali.

"Haya," mama akasema. "Wavua nini, basi?"

Mtu aliyeacha shule kidato cha pili akiulizwa swali analolijua hajizuii. Nilijinyoosha mgongo.

"Mara nyingi pono, mama."

"Kwa malema?" Malema ni ile mitego ya kusukwa kwa fito, hutegwa chini ya maji.

"Kwa mshipi."

"Pono. Kwa mshipi."

"Pono ndiye mwepesi kuliko wote," nikamwelimisha. "Hana ujanja. Ukitupa ndoana tu yuwaja mbio. Chewa ndiye mwenye kiburi, chewa umbembeleze. Lakini pono, hata ukiwa wanywa chai."

Tonge la mjomba likasimama njiani. Binti alitazama dari. Mama alivuta sahani ya samaki polepole, akamgeuza pono kichwa upande wangu, akambenua mdomo kwa kidole. Ndani meno yameshikana yamekuwa kitu kimoja, kama mdomo wa kasuku.

"Haya ya nini?"

"Meno, mama."

"Ya kugugunia matumbawe. Pono hula majani yaliyoota kwenye mawe ya bahari. Chambo hana habari nacho. Mume wangu amekufa hajamtoa pono hata mmoja kwa ndoana. Wewe wamtoa ukinywa chai."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini sisi mtu akilala fofofo twasema kalala usingizi wa pono, na akilini mwangu muda ule hapakuwa na kitu kingine kuhusu pono isipokuwa hicho. Nikakishika.

"Labda alikuwa amelala," nikasema, "akapiga miayo, ndoana ikaingia."

Mjomba alikohoa wali ukamtokea puani, akalazimika kwenda dirishani. Mama hakucheka.

"Nakuuliza mara ya pili. Wavulia wapi?"

"Chumbani, mama."

"Chumbani kwa nani?"

"Kwangu. Nyuma ya pazia."

Nikaeleza yote. Mashine, Japani, kijimtu, maandishi, majina niliyojitungia. Kila neno nililoongeza lilinipunguza umri. Nilipofika kwenye kupuliza kaseti nilijisikia mwenyewe. Binti alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na sikujua kama analia au anacheka, na vyote viwili vilinistahili.

"Chombo huna," mama akasema.

"Sina."

"Baharini huendi."

"Siwezi, mama. Natapika."

"Hata mara moja moja, na marafiki?"

"Marafiki wenyewe fundi saa. Yeye haendi hata Nyali."

Akanawa mikono. Nikajua basi, hapa ni kutafuta viatu. Yeye akachukua buibui lake ukutani. "Twende ukanionyeshe."

Tukatoka msafara mzima, mama mbele, mimi nyuma kama mshtakiwa, tukapita vichochoro mpaka kwangu. Fundi saa alituona akasimama barazani, akatuhesabu kwa kidole. Nikafungua mlango. Nikavuta pazia. Mama akaketi kwenye kigoda changu, akatazama kitanda, TV yenye kichogo, waya zilizofungwa kwa uzi wa kushonea.

Kaseti ikakataa. Nikaipuliza mbele yake. Ikakataa. Nikapiga lile kofi la ubavuni, na mjomba akageuka akatazama ukuta. Mwisho ikawaka. Nilivuta kwa pupa nikakatikiwa mshipi, nikatupa tena, nikakatikiwa tena, mpaka yule mwepesi wangu akanionea huruma akaja. Akajaa TV nzima.

"Huyu ndiye pono, mama."

Mama akasogeza kigoda. Akamtazama yule samaki kwa makini, kama amewekewa mezani na anaombwa amlipie.

"Huyu si pono," akasema. "Huyu hata chumvi hajaionja."

"Vipi?"

"Tazama nyuma ya huyo mtu wako. Milima hii, miti hii, pande zote. Ushaona bahari iliyozungushiwa milima? Hapa ni ziwani."

Nikatazama. Milima ilikuwepo. Ilikuwepo tangu utotoni, ya buluu, yenye theluji kileleni, na mimi kila siku niliitazama nikaona Mombasa. Maisha yangu yote ya ubaharia nilikuwa bara.

Hapo ndipo mama alipocheka. Alianza kwa mabega tu, kisha akalazimika kushika ukingo wa kitanda. Mjomba naye akaachilia, binti naye, na nje barazani fundi saa akacheka bila kujua kinachochekwa. Mimi nilishika kile kidude cha kubonyeza, sijui nicheke na nani.

Mama alipopata pumzi akafuta macho kwa pindo la buibui.

"Leo nilikuita nikwambie la," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Niliposikia mvuvi, nilikuwa nimeshaamua. Nilipika ili nikunyime kwa heshima. Wewe hujui kuolewa na mtu wa bahari. Upepo ukigeuka waamka. Wenzake wakirudi yeye hayumo, waenda ufuoni wauliza, kila mtu akutazama miguu. Marehemu amerudi salama mara zote, na mwisho amekufa kitandani kwa sukari, lakini mimi usingizi wangu hakunirudishia. Nikasema mwanangu hatangoja mtu." Akatazama tena chumba, kitanda, pazia, meza ya pasi inayoonekana kwa mbele. "Na huyu ukimtaka, wavuta pazia."

Akamgeukia ndugu yake. "Huyu hafi maji," akamwambia.

"Hafi," mjomba akakubali.

Mimi nilidhani natukanwa, nikainamisha kichwa nipokee. Binti akasogea karibu, akazungumza polepole kama anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Mama amesema ndiyo. Zima hiyo kitu umshukuru."

Nikazima. Nikasimama nimshukuru, na maneno yote ya adabu niliyofundishwa yakanikimbia. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, amezoea kuondoka kabla watu hawajamaliza. Nikasema kile ambacho mdomo wangu umezoea kumwambia kila mtu anayetoka mlango ule.

"Karibu tena."

Mama akashika kizingiti, akashuka kwa uangalifu mpaka kichochoroni.

"Nitakuja," akasema. "Nitakukuta."